Nani Alianzisha Kituo cha Jirani

Ukiteremka kuelekea ziwani hapo Singida mjini, utalikuta jiwe kubwa ambalo wachonga barabara walishindwa kulihamisha wakaamua kulizunguka. Kando ya jiwe hilo kuna kibanda cha mabati na benchi refu la mbao, uso kwa uso na geti la Kituo cha Jirani. Hapo ndipo anapofanyia kazi Sostenes, fundi wa baiskeli na wa viti vya magurudumu vya kituo, ambaye mtaa mzima unamwita Pancha. Asubuhi za mwezi wa sita, upepo wa Singida unapoingia mpaka kwenye mifupa, watu hawamfuati Pancha kwa ajili ya baiskeli. Wanamfuata Mama Febronia, anayeteleka birika lake la kahawa pembeni ya benchi na kuuza kashata za karanga. Wawili hawakosi kamwe. Wa kwanza ni Mzee Zefania, mwalimu mstaafu kutoka Kiomboi, aliyepewa jina la Taarifa ya Habari kwa sababu hawezi kusema hata kwamba kuna baridi bila kutanguliza "kwa mujibu wa". Wa pili ni Gerald wa bodaboda, anayeitwa Dasalama. Aliwahi kukaa Dar msimu mmoja wa mvua na hajamaliza kuusimulia.

Asubuhi hiyo Sostenes alikuwa amepakata tairi kwenye magoti yake, kiraka mkononi, na gundi ilikuwa imeshakauka bila yeye kujua.

— Pancha, hilo tairi unaliziba au unalibembeleza? Mama Febronia aliuliza huku akimimina.

— Kuna jambo linanisumbua, mama.

— Sema. Hapa ndipo pa kusemea.

— Jana alivuka mkuu wa kituo, akaja mpaka hapa. Jumamosi kuna sherehe, jengo jipya la mazoezi linafunguliwa. Wamenipa kusema neno la shukrani kwa niaba ya wazazi.

— Sasa hiyo si heshima kaka, alisema Gerald. Unavaa koti, unashika maiki, unasema asanteni, unakula pilau. Tatizo liko wapi?

— Kasema niwashukuru walioanzisha kituo. Nimelala nikigeuka tu. Ni akina nani hao?

Wote wamekaa mbele ya lile geti miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

— Si ungemuuliza yeye mwenyewe mkuu? alisema Gerald.

— Nilimuuliza. Yeye shirika linaloendesha kituo limemleta mwaka jana kutoka Arusha. Anasema alitegemea sisi wazazi wa zamani ndio tumweleze.

Mzee Zefania alikohoa. Kikohozi chake wanakijua. Ni kama ule muziki unaopigwa kabla ya habari.

— Kwa mujibu wa wazee wa Kilimatinde, alianza, kituo hiki kilianzishwa na daktari mzungu. Alikuwa anatoka huko misheni anakwenda Arusha. Mvua ikamkuta hapa, gari likazama kwenye tope. Akalala kwa watu. Watu wakamtendea wema, naye akaahidi atarudi kuwajengea.

— Gari gani hilo? aliuliza Gerald.

— Landrova.

— Landrova haizami kwenye tope la Singida, mzee wangu. Hapo unatupiga kamba.

— Ilizama. Na asubuhi alipoamka akaona ziwa zima limekuwa la waridi kwa wale ndege, heroe. Akapiga magoti. Akasema, hii ni ishara, hapa ndipo pangu.

— Sasa kwa nini hakujenga ziwani?

— Heroe wangemsumbulia wagonjwa.

Mama Febronia alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye sahani. Gerald alisubiri kicheko kiishe, kisha akasogea mbele ya benchi kama mtu anayetaka kutoa siri.

— Mimi nawapa yenyewe. Jamaa alikuwa mchimbaji kule Sekenke. Akapiga dhahabu jiwe zima, siyo vumbi. Usiku akaota bibi yake anamwambia, hiyo mali usipowapa wasiojiweza hutaimaliza. Jamaa akaogopa. Akaja mjini kimyakimya, akajenga, akatokomea.

— Na wewe nani kakwambia?

— Abiria wangu. Nilimbeba mpaka Misuna, njia nzima anasimulia.

— Jina lake huyo mchimbaji?

— Ndio siri yenyewe hiyo mzee. Na kuna wengine wanasema dhahabu nyingine ameifukia humo humo ndani. Hujiulizi kwa nini kisima cha kituo hakikauki hata kiangazi kikiwa kikali? Maji yanaogopa kuondoka.

— Maji yanaogopa? Mzee Zefania alivua miwani. Gerald, nilikufundisha mimi?

— Hapana mzee.

— Namshukuru Mungu.

Sostenes alitabasamu, lakini hakucheka nao. Alikuwa anatazama geti. Alijua kwamba daktari wa heroe hakuwahi kuwapo, wala mchimbaji mwenye ndoto, kwa sababu yeye aliwahi kukiona kituo kabla hakijawa na geti wala kisima.

— Mimi nilipokuja mara ya kwanza, alisema, hapakuwa na jengo hili. Kilikuwa stoo. Stoo ya nyuma ya duka la vitambaa.

Wenzake walimgeukia. Sostenes si msemaji. Miaka yote hiyo wamemjua kama mtu wa kuitikia tu na kuwasha pampu.

Akawaeleza. Wakati huo alikuwa bado anaishi Mungaa, analima alizeti na mtama. Binti yake Anastasia alizaliwa mzima. Kisha ikampata homa kali, ikampanda kichwani, na alipopona shingo haikusimama tena. Mikono ilikakamaa. Kumlisha ulikuwa msiba wa kila siku, maana uji ukiingia anapaliwa, anageuka rangi, na mama yake Emiliana analia naye. Jirani mmoja akasema wamepigwa uchawi. Mwingine akasema mtoto wa namna hiyo huachwa ndani, Mungu atajua la kumfanya. Emiliana hakutaka kusikia. Asubuhi moja alimfunga mtoto kifuani kwa mume wake kwa kanga mbili, akampandisha Sostenes kwenye baiskeli, akamwambia, nenda mjini, uliza, usirudi hujauliza.

— Niliuliza kila mahali, alisema Sostenes. Mwisho muuza maji mmoja akanionyesha ile stoo. Ndani kulikuwa na mikeka, akina mama wamekaa na watoto wao, na bibi mmoja wa Kihindi, mzee, amevaa miwani ya kamba. Alikuwa amekaa chini sakafuni kama wao. Akamtoa Anastasia kwangu kabla sijamaliza salamu. Akamweka hivi, mgongo kwenye kifua chake, kidevu kidogo chini. Akaniambia, usimlaze, usimwinue kichwa nyuma. Mshike hivi. Halafu akamlisha. Kikombe kizima. Hakupaliwa.

Mama Febronia alikuwa ameshika birika hewani bila kumimina.

— Nikatoka nje nikajifanya naangalia mnyororo wa baiskeli. Nililia pale ukutani mpaka nikachoka. Kisha nikarudi ndani anionyeshe tena, nisije nikasahau njiani.

— Na leo Anastasia ndiye anayetupigia kelele pale mapokezi, alisema Gerald kwa sauti ya chini. Juzi kanifukuza na pikipiki yangu getini.

— Ndiye huyo. Anaongea polepole, lakini ukimkosea utasikia tu.

— Na yule bibi? aliuliza Mzee Zefania, na safari hii hakutanguliza mujibu wa mtu yeyote.

— Akina mama walimwita Mama Gulu. Kila nilipotaka kumshukuru, alikuwa ameshaanza kunionyesha zoezi jingine. Nikawa najiambia, nitamshukuru safari ijayo. Baadaye nikasikia anaumwa. Nilikuwa Mungaa, tunavuna. Nilipofika mjini wakaniambia ameshazikwa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke kijana kwenye kona, akivuta miguu kama mtu aliyelala kwenye basi. Mgongoni alibeba mtoto aliyefunikwa kitenge kuanzia kisogoni mpaka miguuni, na begi mkononi.

— Shikamooni wazazi.

— Marahaba mama, karibu. Unatoka wapi?

— Mitundu. Naitwa Klara. Nimeelekezwa Kituo cha Jirani.

— Umefika. Ndicho kile pale, alisema Sostenes. Bado wanafanya usafi, watafungua sasa hivi. Kaa upate kahawa, hapo nje baridi itamuumiza mtoto.

Klara alikaa mwisho wa benchi, nusu ya paja nje, bila kumfungua mtoto. Mama Febronia alimpa kikombe na kashata, akamwambia anywe kwanza, mengine baadaye.

Kwenye kona nyingine alikuwa anakuja Tarun, mwenye duka la vitambaa, na kikombe chake mwenyewe mkononi. Familia yao wamekuwa na duka mjini tangu enzi za babu yake. Yeye alizaliwa hapa, na akigombana na Mama Febronia bei ya kashata wanagombana kwa Kinyaturu. Kijiweni wanamwita Mjukuu wa Mtemi, na hajawahi kukataa.

— Leo kijiwe kimepoa, alisema. Simba kafungwa?

— Tunatafuta mtu aliyeanzisha kituo, alijibu Gerald. Mpaka sasa tuna mzungu wa heroe, mchimbaji wa dhahabu, na Mama Gulu.

— Gulbanu, alisema Tarun. Bi Gulbanu, mke wa Hirji. Duka lao lilipakana na letu, na ile stoo ilikuwa yao.

— Basi ndiye, alisema Sostenes, na uso wake ukafunguka. Ndiye wa kumshukuru.

Tarun alikaa. Alikunywa kidogo, akatazama kikombe.

— Angekuwapo hapa angekukatalia. Mama yangu alikuwa shoga yake. Alinisimulia habari hii mara nyingi, mimi nikiwa sijazaliwa wakati huo. Mnajua kwamba Bi Gulbanu alikuwa na mtoto wa kiume?

Hakuna aliyejua.

— Mnaona. Mtaa mzima ulijua Hirji ana mabinti wawili tu. Lakini kulikuwa na Nizar. Hatembei, hasemi, mikono imekunjamana. Walimweka chumba cha nyuma, dirisha lina pazia. Hirji alimpenda yule mtoto, usije ukamfikiria vibaya. Jioni akifunga duka alikwenda kumwimbia. Lakini aliogopa midomo ya watu. Aliogopa mabinti watakosa wachumba. Mama yangu alikuwa anaingia kwa mlango wa uani, ndio maana alijua.

— Pole yao, alisema Mama Febronia.

— Basi siku moja ya mnada, akaja mama mmoja wa kijijini kuuza kuku. Kuku kwenye tenga kichwani, mgongoni kabeba mtoto. Siyo mtoto mchanga. Kijana mkubwa, miguu inaning'inia karibu na magoti ya mama yake. Jua lilikuwa kali, akakaa kwenye baraza la Hirji. Akamshusha mwanawe, akamweka wazi, akaanza kumlisha ugali kwa maziwa. Mate yanamtoka yule kijana, ugali unamwagika, mama anafuta anaendelea. Watu wakasimama kutazama. Mwanamke mmoja akamwambia, mwenzangu, hebu mfunike basi.

— Akasemaje? aliuliza Klara. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae.

— Akasema, anayefunikwa ni maiti. Huyu ana njaa.

Upepo ulipiga mabati ya kibanda. Gerald alikuwa amevua kofia yake ya pikipiki na kuiweka miguuni.

— Bi Gulbanu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la duka, na kikombe cha chai. Aliyasikia yale maneno, na mama yangu aliyekuwa naye akamtafsiria. Mama yangu alisema mwenzake alisimama vilevile mpaka chai ikapoa. Kisha akaingia chumba cha nyuma. Alipotoka alikuwa amembeba Nizar, na Nizar alikuwa mzito sasa, jasho linamtoka. Akapita katikati ya duka. Hirji alikuwa anamkatia mteja kitambaa. Mkasi ukasimama.

— Alimzuia? aliuliza Sostenes.

— Alimtazama tu. Bi Gulbanu akatoka mpaka barazani, akamweka Nizar kando ya yule kijana. Ilikuwa mara ya kwanza Nizar kuona barabara. Aliona mbuzi, aliona punda, akaanza kupiga kelele za furaha mpaka watu wakashtuka. Hirji akaacha mteja, akaingia ndani. Mama yangu akadhani amekasirika. Kumbe amekwenda kuleta mkeka.

Mzee Zefania alitoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

— Wale wanawake hawakuweza hata kuelewana vizuri, aliendelea Tarun. Bi Gulbanu alijua Kiswahili cha kuuzia vitambaa, na mwenzake alijua Kinyaturu. Mama yangu ndiye aliwatafsiria. Yule mama wa kuku ndiye aliyemfundisha Bi Gulbanu namna ya kumshika mtoto asipaliwe. Alijifunza mwenyewe kwa kuhangaika na mwanawe huko nyumbani.

Sostenes aliinua kichwa. Mikono yake ilijikunja yenyewe kifuani, kama bado ameshika kikombe cha uji na mgongo mdogo umemwegemea.

— Kumbe lilitoka kwake, alisema.

— Lilitoka kwake. Mnada uliofuata akarudi, akamleta mwenzake wa kijiji cha pili, naye ana binti haoni wala hakai. Wakaongezeka. Baraza likajaa, wateja wanaruka miguu ya watoto. Hirji akatoa magunia stoo, akasema kaeni huku. Hao watu wa shirika walikuja baadaye kabisa. Walikuwa wanapita, wakawakuta akina mama wamejaa. Wakamuuliza Hirji, hiki ni kituo cha nani? Hirji akasema, cha majirani. Ndio jina hilo mnaloliona pale getini. Shirika limefanya kazi kubwa, msinielewe vibaya. Limejenga, limeleta wataalamu, viti, shule ya ushonaji. Lakini walikuta moto unawaka.

— Na Nizar? aliuliza Mama Febronia.

— Alikufa kijana. Alizikwa watu wamejaa barabara mpaka huku kwenye jiwe. Nusu yao ni akina mama wa vijijini na watoto wao mgongoni. Na Bi Gulbanu, baada ya arobaini, alirudi stoo akakaa kwenye mkeka wake. Pancha, wewe ulimkuta ana miaka mingi bila Nizar.

Sostenes alikuwa anafikiria kwamba siku ile yeye alipolia ukutani, yule bibi ndani alikuwa amempakata mtoto wa mtu mwingine mahali alipokuwa anakaa wake.

— Basi Jumamosi kazi imekwisha, alisema Gerald, akijaribu kuuchangamsha moyo wa kijiwe. Unamtaja Bi Gulbanu, unamtaja Hirji, unataja shirika. Na yule mama wa kuku unamweka mbele kabisa. Mimi mchimbaji wangu namrudisha Sekenke.

— Na mzungu wangu namtoa kwenye tope aende zake, alisema Mzee Zefania.

Walicheka kidogo. Klara hakucheka. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

— Samahanini wazazi, alisema. Huyo mama wa kuku, aliitwa nani?

Tarun aliweka kikombe chake kwenye benchi.

— Mama yangu alimwita Mama Kuku. Basi, hivyo tu. Nami sikuwahi kumuuliza. Na mama ameshatangulia.

— Wa kijiji gani? aliuliza Sostenes.

— Sijui. Msimu mmoja hakuja tena. Walimngoja mnada baada ya mnada. Labda kijana wake alikufa, labda yeye. Bi Gulbanu aliuliza kwa wauza kuku wote.

Mama Febronia aligeukia upande wa minadani kama mtu anayeweza bado kumwona anakuja. Alitaja kwa sauti vijiji vya Unyaturu anavyovijua, Ilongero, Mungaa, Mtinko, Ikungi, akijaribu kukumbuka kama aliwahi kusikia habari ya mama wa namna hiyo kwa shangazi au kwa bibi. Hakukumbuka. Mzee Zefania hakuwa na wazee wa kuwanukuu. Hata Gerald, ambaye hajawahi kukosa abiria wa kumsingizia, safari hii alimkosa. Ungeweza kusema lolote juu ya mtu huyo na pasingekuwa na wa kukupinga, na hakuna aliyetaka kusema uongo.

Birika lilikuwa tupu. Mama Febronia aliinama akamwaga masimbi ya kahawa kando ya jiwe.

Geti la kituo likafunguliwa. Sauti ya Anastasia ilisikika mpaka ng'ambo, nzito, ya polepole, ikimwambia mlinzi aweke ndoo mahali pake.

— Wamefungua, alisema Klara, akasimama. Alitazama barabara, akatazama watu waliokuwa wanapita, wanafunzi, wachuuzi, wanaume wa bodaboda. Akashika pindo la kitenge alichomfunikia mwanawe. Alisita. Kisha akalishusha mpaka mabegani, na kichwa kikatokeza, kikubwa kuliko shingo, macho yakipepesa kwa mwanga.

— Anaitwa Anselm, alisema, kwa watu wote bila kumlenga yeyote. Ameanza kucheka mwezi uliopita.

— Anselm, habari ya asubuhi, alisema Mzee Zefania kwa adabu zake zote za ualimu.

Sostenes aliweka tairi chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akalichukua begi la Klara. Walisimama pamoja ukingoni mwa barabara. Lori la alizeti lilikuwa linapanda taratibu, wakalisubiri.

— Asante mama, alisema Sostenes.

— Asante ya nini, baba?

— Ya kumleta.

Klara alimtazama yule mzee mwenye grisi mikononi na machozi usoni, asielewe.

— Mimi sijafanya kitu, alisema. Nimepanda tu basi.

— Hata hivyo, alisema Sostenes. Asante.

Lori likapita, wakavuka.